Mbuzi Aliyehesabiwa Pamoja na Masufuria

Nina hasira za karibu. Sijivunii jambo hilo, lakini sioni haja ya kuanza kwa kujipamba, kwa sababu hasira hizo ndizo zilizomuumiza mbuzi wa mama yangu, na habari ninayotaka kuiandika ni ya mbuzi huyo.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo mjini, Mwembesongo, nashona sare za shule na magauni ya harusi, na wateja wangu wanajua kwamba ukija kunisumbua kabla ya siku niliyokupa, unaweza kurudi nyumbani na kitambaa chako kikiwa kizima. Mama aliishi juu milimani, Mgeta, katika nyumba aliyonizalia, akilima kabichi na njegere kwenye shamba lililosimama wima kiasi kwamba mgeni akilitazama anauliza watu wanapaliliaje bila kuporomoka. Miaka yake ya mwisho alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, jike jeupe la ile mbegu ya kigeni iliyoizoea baridi ya kwetu. Watoto wake wawili wa uzao wa mwisho walishaachishwa kunyonya na kuchukuliwa, lakini mwenyewe alikuwa bado anatoa maziwa mengi, asubuhi na jioni.

Kwetu mbuzi hachungwi. Milima yote ni mashamba, na mbuzi akiachiwa dakika tano ataingia kwenye karoti za mtu na kesi itafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo anafugwa ndani, kwenye banda la mbao lililoinuliwa kwa nguzo. Majani anakatiwa, maji anapelekewa, maziwa anakamuliwa. Hawezi kwenda mtoni mwenyewe wala kujitafutia hata jani moja. Tumemfungia ili sisi tupate, basi kila anachokihitaji kiko mikononi mwetu. Haya niliyajua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa majani, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mama aliugua ghafla siku ya Jumamosi, na Jumatatu alfajiri akafariki hospitalini. Siku hizo mbili mbuzi alikamuliwa na jirani yetu, mjane mtu mzima ninayemwita mama mdogo ingawa hatuna undugu wa damu. Yeye na mama walikuwa wakisaidiana miaka yote: mmoja akienda kwenye jumuiya au sokoni, mwingine anabaki na kazi za nyumba zote mbili.

Nilipopata habari za kifo, kitu cha kwanza nilichokifanya baada ya kulia ni kupiga simu kijijini. Nilimpigia mjomba, kaka yake mama, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti kwa sababu ukoo wetu unafuata upande wa mama. "Shikamoo mjomba," nikamwambia, "naomba asiguse mtu kitu chochote cha mama mpaka nifike. Hata kijiko."

Nilikuwa na sababu. Alipokufa bibi, kaburi lilikuwa bado halijafukiwa vizuri na tayari mablanketi yake yalikuwa hayaonekani, sufuria kubwa ya shughuli haionekani, hata kinu chake cha mti mgumu kilikuwa kimetembea. Mama alikililia kinu kile mpaka nikaapa kwamba kwake halitatokea jambo kama hilo. Nikapita dukani, nikanunua kufuli mbili, nikapanda gari la Mgeta.

Nilifika mchana. Kufuli ya kwanza niliifunga kwenye nyumba, tukabakiza chumba kimoja na baraza kwa ajili ya wafiwa. Ya pili niliifunga jikoni, kwenye kile kibanda cha uani ambamo mlikuwa na vyombo vyote vya mama, pamoja na kopo lake la kukamulia na gunia la pumba. Vyombo vya kupikia msibani vikaazimwa kwa majirani. Mama mdogo alikuwa amesimama ananitazama, mikono ameifumbata kifuani.

"Na mbuzi je, mwanangu?" akaniuliza.

"Nimesema cha mama hakiguswi, mama mdogo," nikamjibu bila hata kumtazama. "Tukishaanua matanga tutajua nini kinakwenda kwa nani."

Naikumbuka sauti niliyoitumia. Ni ile ninayoitumia kwa mteja anayedai nimemwibia kitambaa. Nilichokisikia mimi katika swali lake ni mtu anayetaka kuendelea kupata maziwa ya bure. Yeye akasema, "Haya," akaondoka zake. Tangu hapo alimkatia mbuzi majani ya shambani kwake na kumpa maji kwa ndoo yake, maana hivyo vilikuwa vyake mwenyewe. Maziwa yalikuwa ya marehemu, na marehemu alikuwa na binti mkali mwenye kufuli.

Mbuzi alianza kulia Jumanne asubuhi. Siku hiyo ndipo maiti ililetwa, watu wakajaa, nyimbo zikaimbwa, na katikati ya nyimbo tulikuwa tukimsikia kule nyuma ya nyumba: sauti ndefu, anapumzika kidogo, anaanza tena. Wanawake walioketi nami mkekani wakawa wanatikisa vichwa. "Anamlilia mama yake," alisema mmoja. "Mnyama anajua." Maneno hayo yaliniingia. Kila nilipomsikia nililia zaidi, nikaona mpaka mifugo inashiriki msiba wetu, nikaona fahari kwamba mama alipendwa kiasi hicho. Naliandika hili kwa aibu. Nilikuwa nimekaa hatua thelathini kutoka bandani, nikifarijiwa na maumivu niliyomsababishia mimi mwenyewe.

Jumatano tukazika. Alhamisi asubuhi watani wakaamua kufanya kazi yao.

Kila ukoo kwetu una ukoo mwingine ulio watani wake, na msibani watani ndio wenye uwanja. Wanasaidia kuchimba kaburi na kupika, lakini pia wanaruhusiwa kufanya yale ambayo mtu mwingine akiyafanya atapigwa: kumwiga marehemu anavyotembea, kumsema kwa kuondoka bila kuaga, kuvaa nguo zake, kuchukua chochote wanachokiona mbele yao. Marufuku ya wafiwa haiwahusu. Na mfiwa haruhusiwi kuwakasirikia. Ukimkasirikia mtani msibani umejivunjia heshima wewe na ukoo wako, na habari yako itazungumzwa mpaka na wajukuu.

Mtani wetu mkubwa ni mzee wa makamo, mwembamba, anayefuga mbuzi wake kwenye kilima cha pili. Asubuhi ile alikuwa amejipaka unga usoni. Akatokea nyuma ya nyumba anamvuta mbuzi kwa kamba, na mbuzi amevalishwa kanga ya mama, ile iliyochakaa aliyokuwa akijifunga wakati wa kukamua, ambayo ilikuwa imebaki imetundikwa kwenye mlango wa banda. Kipande kingine cha kanga amefungwa kichwani, masikio yamechomoza. Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilitabasamu, maana kweli mlikuwa na kitu cha mama mle, ule mwendo wa kutanua miguu aliokuwa nao tangu nyonga zilipoanza kumsumbua. Sikujiuliza mbuzi ana nini hata atembee vile.

Mtani akamsimamisha mbele ya mkeka wetu, akabana sauti yake ikawa ya mama.

"Hodi wanangu! Nimerudi. Huko nilikokwenda wameniuliza, nyumbani umemwacha nani? Nikasema nimemwacha binti yangu, fundi wa mjini, ana kufuli mbili. Wakasema basi lala, mali yako ipo salama."

Kicheko kikazidi. Mzee mmoja akalazimika kuegemea nguzo ya baraza.

"Nimekuta nyumba imefungwa, nikasema sawa. Jiko limefungwa, nikasema sawa, mwanangu ana akili. Sasa nafika hapa," akainama akaonyesha kiwele cha mbuzi, "na hapa nako kumefungwa! Mwanangu, ufunguo wa hapa umeuweka wapi? Mwenzio napasuka!"

Wanaume waliendelea kucheka. Wanawake wawili watatu wakanyamaza. Mimi damu ilinipanda kichwani. Nilisimama pale mkekani nikapaza sauti mbele ya ukoo mzima, "Mrudishe mbuzi wa mama! Huna adabu wewe! Nani amekuruhusu kumgusa?"

Mjomba alifumba macho kama mtu aliyesikia sahani inavunjika chumba cha pili. Nilijua nilichokifanya, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mtani hakukasirika. Aliiacha sauti ya mama, akaongea kwa sauti yake mwenyewe, taratibu.

"Hakuna aliyeniruhusu. Ndiyo maana nimemgusa mimi. Wengine wote uliwakataza." Akanishika kiganja cha mkono, akaniinamisha. "Shika hapa."

Nikashika. Upande wa kushoto wa kiwele ulikuwa mgumu na wa moto, ngozi imevutika mpaka inang'aa, wekundu wake unaelekea zambarau. Mbuzi aliruka, akatoa sauti. Ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia siku tatu, ila sasa niliisikia nikiwa nimeweka mkono mahali inapotokea. Hakuwa akimlilia mama wala mtu yeyote. Alikuwa anaomba akamuliwe.

Nilipata aibu ambayo sijawahi kuipata maishani. Ilikuwa kubwa kuliko huzuni yangu, na Mungu anisamehe, kwa muda ule nilimsahau hata mama. Nilifungua fundo la kanga nilimokuwa nimezificha funguo, nikasema nataka maji ya moto.

"Kaa chini," mjomba akaniambia. "Mfiwa mkubwa haondoki mkekani kabla ya kuanua matanga. Watafanya wengine."

"Wengine niliwafukuza mimi, mjomba."

"Nimesema kaa."

Hapo mtani akamvua mbuzi ile kanga, akajifunga yeye, akaketi mahali pangu mkekani na kuanza kuomboleza kwa sauti nyembamba, "Mimi ndiye binti! Nipeni pole jamani, mimi ndiye fundi!" Watu wakachanganyikiwa kidogo, kisha bibi mmoja akamsogelea akampa mkono wa pole kwa heshima zote, na mwingine akafuata. Mkeka haukubaki mtupu. Mjomba akageuka upande mwingine, na mimi nikamchukua mbuzi nikaenda naye bandani.

Mama mdogo alikuja bila kuitwa, na maji yake ya moto kwenye sufuria yake. Hakunisema. Afadhali angenisema. Alichovya kitambaa, akakanda kiwele polepole huku akimnong'oneza mbuzi maneno ya Kiluguru, kisha akanielekeza kukamua, maana tangu utotoni nilikuwa nimesahau na kidole changu kilikuwa kimezoea sindano. "Usimvute. Bana juu kwa vidole viwili, halafu shusha vingine kimoja kimoja." Upande wa kulia maziwa yalitoka, mazito. Upande wa kushoto yalitoka maji ya rangi ya chai yenye mabonge, na nyuma yake damu. Mbuzi alinipiga teke la paja ambalo alama yake ilikaa wiki mbili. Nililistahili.

Bwana mifugo niliyempigia simu alifika mchana kwa pikipiki. Alikuwa kijana mpole aliyemaliza masomo si muda mrefu. Alimpima joto, akaminya, akanusa alichokikamua.

"Mama, amekaa bila kukamuliwa muda gani?"

Watu waliozunguka banda wakanitazama mimi.

"Siku tatu," nikasema. "Jirani alikuwa tayari. Mimi ndiye niliyemkataza."

Akasema ni ugonjwa wa kiwele, na sumu yake ikisambaa mwilini humuua mbuzi. Upande wa kulia angeupigania. Wa kushoto hakuniahidi kitu. Sindano siku tano, kukandwa kwa maji ya moto, kukamuliwa kila baada ya saa mbili hata kama kinatoka kijiko kimoja, na kila kinachotoka kimwagwe mbali.

Mjomba akanivuta pembeni. Sitaki msomaji amwone kuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyenibeba mabegani kunipeleka kubatizwa. Alikuwa na watu wengi wa kulisha, na mbele yake mbuzi asiyefaa tena.

"Tumchinje huyu," akasema. "Shida yake iishe, na wewe urudi mkekani."

"Hapana, mjomba."

"Umekuja kumzika mama yako au kuuguza mbuzi?"

"Mama nimeshamzika. Huyu bado yuko hai."

Niliyasema hayo bila kupaza sauti, mara ya kwanza siku ile. Mimi sikatai mbuzi kuchinjwa. Nakula nyama, na kwenye sherehe zangu wamechinjwa mbuzi nikashukuru. Nilichokikataa ni kumuua huyu ili tusiendelee kuona tulichomfanyia. Mjomba alinitazama muda mrefu, akasema, "Una kichwa cha mama yako," akarudi kwa wageni wake. Bwana mifugo akachoma sindano ya kwanza.

Nilikuwa nimepanga kukaa siku tatu tu, nikidhani matanga yataanuliwa mapema. Wateja walianza kupiga simu, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sketi za watu zilikuwa zimekatwa lakini hazijaunganishwa. Niliwaambia ukweli: namkamua mbuzi. Mmoja alidhani namtania, akacheka, kisha akakasirika, akasema atamtafuta fundi mwingine. Nikamwambia kitambaa chake kipo kwenye rafu ya pili, akakichukue. Nilikuwa nimeshakata shauri, na mimi nikikata shauri huwa sishoni tena mahali nilipokata.

Nisingependa mtu afikiri kwamba mimi na mbuzi tulipatana. Hatukupatana. Kila nilipoingia bandani alijibanza pembeni akanigeuzia matako, na nilipoinama kwenye kiwele alitetemeka mwili mzima. Kwa mama mdogo alikuwa anaegemea kichwa. Nilitamani angalau mara moja anitazame vizuri, nijione nimesamehewa, na siku ya tatu nikaacha kutamani. Yeye hakuwa na deni la kunisamehe. Kazi yangu ilikuwa maji, kitambaa, vidole viwili juu na vingine vishuke, iwe ananipenda au hanipendi. Hasira zangu hizi, ambazo maisha yote nimezipoteza kwa kugombana na wateja na makondakta, kwa mara ya kwanza nilizipa kazi ya maana.

Mtani alipita siku ya nne, uso umeoshwa, amekuja kama mfugaji. Akachungulia, akaguna. Nilimwomba radhi kwa kumkaripia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tu kwa faragha.

"Jioni ile baada ya kuzika, watu walipotulia, ndipo nilipomsikia vizuri," akasema. "Nikajua ni kiwele. Sasa wewe, na funguo zako kifuani, ningekufuata nikuambie binti kamua mbuzi, ungenijibuje?"

"Ningekufukuza."

"Basi nikaona nikufuate na mama yako."

Homa ilishuka siku hiyo. Upande wa kulia ulilainika, maziwa yakarudi kuwa meupe. Upande wa kushoto ukapoa, lakini kwa namna mbaya: ukawa baridi kama ngozi ya kiatu, ukasinyaa, na baadaye ganda likadondoka. Bwana mifugo alisema upande ule umekufa na hautatoa maziwa tena. Niliposikia nilikaa kwenye ngazi ya banda nikalia, na kilio hicho hakikuwa cha mama.

Matanga tuliyaanua Jumatano iliyofuata. Baada ya sala na chakula, ukoo ukakaa uani kugawana vitu vya marehemu. Nilifungua kufuli zote mbili mwenyewe. Vitu vikatolewa vikapangwa kwenye jamvi: mablanketi, majembe, redio, kanga zake nzuri, vyombo. Kila kitu kilikuwepo. Hakukosekana hata kijiko, na sikupata raha yoyote kwa hilo. Mjomba akawa anataja kimoja kimoja.

"Sufuria kubwa moja. Sufuria ndogo tatu. Mbuzi mmoja. Beseni..."

"Mjomba," nikasema, "naomba mbuzi tumtoe kwenye hesabu hiyo."

"Unamtaka wewe? Mjini joto litamuua."

"Sijasema namtaka. Nasema yeye si sufuria. Sufuria ukiifungia siku tatu unaikuta kama ulivyoiacha. Mimi ndiye niliyeanza kumhesabu pamoja na masufuria, na wote mmekwenda kuona bandani nilichokipata."

Mtu fulani akakohoa. Mjomba akaweka mikono magotini. "Basi awe wa nani?"

"Hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani atamkamua leo jioni, na kesho, na siku mwingine wetu akifa." Nilikuwa nimelifikiria hilo siku zote nikiwa bandani, kwa hiyo nikalisema lote. Nikaomba kwamba kuanzia sasa, katika ukoo wetu, mtu akifariki, kabla mkeka haujatandikwa atajwe mtu mmoja wa mifugo. Awalishe, awanyweshe, akamue, asiombe ruhusa kwa mtoto wa marehemu wala kwa mjomba, na asiulizwe maziwa yamekwenda wapi. Iwe mbuzi, iwe nguruwe, iwe mbwa aliyefungwa nyuma ya jiko.

Wapo waliosema mwanamke ametoka mjini kuja kutunga sheria. Nikawajibu kwamba sheria niliyotunga wiki iliyopita waliifuata yote bila kulalamika, na ndiyo iliyomharibu mbuzi, basi wafuate na hii. Mjomba akasema amelisikia, na tuanze na misiba yetu wenyewe. Imekuwepo misiba miwili tangu siku ile, na yote miwili mtu wa mifugo alitajwa kabla ya mtu wa kupika.

Lakini siku ile nilikuwa bado sijamaliza. Mama mdogo alikuwa ameketi mwisho kabisa, karibu na ua, kwa kuwa si wa ukoo wetu. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake watu wote wakiona.

"Mama mdogo, uliniuliza habari za mbuzi, mimi nikakuona mwizi. Wewe ndiye uliyekuwa na haki ya kunikaripia na hukunikaripia. Nisamehe. Na mbuzi, kama utakubali, abaki mikononi mwako, mimi nitapanda kila wiki na pumba na dawa, nishike zamu yangu ya kukamua."

Alikuwa anaitazama mikono yake, ameilaza mapajani, viganja juu.

"Nisikudanganye, mwanangu," akasema. "Jumanne jioni nilikwenda mpaka mlangoni pa banda, kopo langu mkononi. Akanisogelea, akageuka akanipa kiwele. Nikasema, nikionekana hapa na kopo wataniita mwizi. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango nisimsikie." Akaninyanyulia macho. "Wewe kufuli ulifunga jikoni. Bandani hukufunga."

Hata mtani, aliyekuwa ameegemea nguzo na maneno yake tayari mdomoni, aliyameza. Niliwaona watu wanatazama chini, mmoja baada ya mwingine, na nikaelewa kwamba si mimi na yeye tu tulioisikia sauti ile siku tatu.

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya kilima, saa ya kukamua imefika. Mama mdogo akainuka, nikainuka naye. Mjomba akauliza kuhusu vyombo, aendelee au asubiri. Nikamwambia vyombo vinaweza kusubiri, tukaenda bandani.